Neno Zito la Mwalimu Ambakisye

Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee mwenzako anayependa kuandika makali.

Mwalimu Ambakisye alifundisha Kiingereza katika sekondari moja ya milimani, na alijivunia sana maneno mazito. Siku moja debe la mafuta ya kupikia lilipotea stoo. Mkuu wa shule akamshuku mpishi, Mama Subilaga, akamwagiza Ambakisye aiandikie bodi barua kwa Kiingereza.

Ambakisye hakuuliza lolote. Alifungua kamusi. Kumwita mwizi tu aliona ni kwepesi, akaandika kwamba mpishi yule ni "despicable".

Bodi ilisoma, ikashtuka, ikamfukuza mama wa watu bila kumsikiliza. Nakala ya barua ikabandikwa ubaoni. Wanafunzi wakalipenda lile neno, wakawa wanamwita hivyo kila wakimkuta njiani.

Wiki ya tatu debe likaonekana nyuma ya magunia ya maharage. Mwalimu alijua. Akanyamaza.

Jumamosi Mama Subilaga alimfuata nyumbani, nakala ile ya barua mkononi.

"Mwalimu, nisomee. Mimi Kiingereza sijui."

"Wanasema... hawakuridhika na kazi yako, mama."

"Basi?"

"Basi."

Mama akaikunja barua polepole. "Binti yangu ameshanisomea. Anasema neno hili ni mtu wa kudharauliwa kuliko takataka. Na najua aliyeandika ni wewe. Nilitaka unitamkie kwa Kiswahili, ukiniangalia usoni."

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Ulipougua homa ya matumbo, uji alikuletea nani?"

Akaondoka bila kungoja jibu.

Jumatatu Ambakisye alikiri mbele ya shule nzima. Bodi ikamwita mama arudi kazini. Hakurudi. Alikuwa ameshahamia kwa kaka yake, wilaya ya pili.

Mwalimu akafunga safari kwenda kumwomba radhi. Alipofika kijijini, akawauliza watoto waliokuwa wakicheza barabarani.

"Mama Subilaga? Hatumjui."

"Mgeni. Alikuwa mpishi wa shule."

"Aaa, Despikabo!" wakaitikia kwa furaha. "Anakaa pale kwenye bati jekundu."

Mwanafunzi mmoja wa kijiji kile aliyesoma shule ile alikuwa amekuja na neno lile likizo. Wale wadogo walidhani ndilo jina lake.

Funzo: Kama huwezi kumwambia mtu neno ana kwa ana, kwa lugha anayoielewa, usiliandike, maana radhi yako haitafika kila mahali neno lilikofika.