Baiskeli ya Kaboni ya Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana baiskeli zilikuwepo na wajinga wenye mali walikuwepo, Bi Nguchiro alikuwa akiuza mkaa porini.

Nguchiro mnamjua? Yule mdogo, mrefu kama soksi, macho mekundu, mdomo haupumziki. Alikuwa na mume mpole, watoto sita, na baiskeli moja ya chuma ya kubebea magunia. Nyumba yao ilikuwa kichuguu kikubwa chenye vyumba vingi, kikavu hata masika.

Ilikuwa, nasema. Kwa sababu siku moja Bwana Kifaru alipita hapo mgongo ukamwasha. Akakiegemea kichuguu, akajikuna: kwichi, kwichi, kwichi! Akasikia raha mpaka akafumba macho.

"Kichuguu hiki kinanifaa," akasema. "Kuanzia leo ni changu."

"Lakini baba, humu ndani tunakaa sisi," akasema Bi Nguchiro.

"Kaeni. Mimi nataka nje tu."

"Ukijikuna nje, ndani dari linatuangukia!"

"Basi hameni."

Akaweka samadi yake pembe zote nne, kama mpima ardhi anavyopanda bikoni za kiwanja, akaenda zake. Nani amzuie? Mwenye pembe puani haombi kibali.

Bi Nguchiro akawahamishia wanawe chini ya mizizi ya mgunga. Mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya upande wa mlimani, na mtoto wa mwisho alikuwa ameshaanza kukohoa. Mvua ya kwanza tu ingewazoa wote.

"Tumwachie Mungu, Mama Kibwe," akasema mumewe.

"Mungu alitupa kichuguu. Aliyetunyang'anya ni Kifaru. Mungu mwachie mvua. Kifaru niachie mimi."

Sasa, siku hizo wakubwa wa pori walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa baiskeli. Kila Jumamosi asubuhi Mbuni, Punda Milia na Swala walipita njia kuu, vichwa chini, matako juu, wamevaa kaptura za kubana. Watu waliopewa miguu ya kushinda upepo, wananunua magurudumu ili wachoke! Aliyeshiba hakosi la kufanya.

Bwana Kifaru naye akatamani. Siku moja akamsimamisha Mbuni njiani. Bi Nguchiro alikuwa nyuma ya kichaka anafunga gunia, akasikia yote.

"Ndugu Mbuni, Jumamosi nami nitaendesha pamoja nanyi."

Mbuni akamtazama kutoka kwato hadi pembe. "Wewe? Baiskeli unayo?"

"Nitanunua. Mali ninayo."

"Si za kuokota sokoni, bwana. Sisi kwetu ni kaboni tu. Kama huna ya kaboni, usije kututia aibu."

"Kaboni?"

"Kaboni. Unaijua, sivyo?"

Hapo, wajukuu zangu, Kifaru angesema "Siijui," hadithi ingeishia hapo hapo nanyi mngekwenda kuteka maji. Lakini mkubwa haulizi. Akakohoa, akatoa kifua mbele.

"Nani asiyeijua kaboni? Mimi nimekulia kwenye kaboni!"

"Vizuri. Na iwe nyepesi. Kadiri inavyokuwa nyepesi, ndivyo inavyokuwa ghali."

"Yaani unalipa zaidi ili upate kidogo?"

"Ndio ustaarabu wenyewe," akasema Mbuni, akaondoka, fyuu!

Nyuma ya kichaka Bi Nguchiro alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kaboni! Yeye na Kifaru walisoma darasa moja, kwa Mwalimu Kobe. Somo la sayansi, darasa la tano: "Watoto, kaboni ni nini?" Na darasa zima: "Ni mkaa na masizi, mwalimu!" Darasa zima, isipokuwa mmoja wa dawati la nyuma, aliyekuwa anakoroma.

Akarudi mbio. Akaiosha baiskeli ya chuma. Akachanganya masizi na mafuta ya nyonyo, akaipaka mpaka ikang'aa kama ngozi ya chatu. Akafungua keria, akafungua madigadi, akafungua na kengele.

"Kengele nayo?" mumewe akashangaa. "Watu watapishaje?"

"Umewahi kusikia tajiri akipiga kengele? Ni kazi yako wewe kumwona."

Akaiegemeza kando ya njia kuu, akaifunika kanga, akakaa chini anajipepea. Alipoona vumbi la Kifaru linakuja, akaanza: "Uuuwi! Jamani! Bei hii si kuuza, ni kutupa!"

"Unalia nini, mama mkaa?" akauliza Kifaru.

"Nalia hasara, baba. Nauza baiskeli ya kaboni."

Masikio ya Kifaru yakasimama. "Ya... kaboni?"

"Kaboni tupu. Tangu niwe nayo haijajua kitu kingine."

"Imetoka wapi?"

"Ng'ambo."

Wala hakusema uongo. Ilitoka ng'ambo ya mto, kwa fundi Ngiri.

"Mtu kama wewe uliipataje?"

"Ndiyo maana naiuza, baba. Mtu kama mimi na kitu kama hiki, wapi na wapi?"

Jibu hilo Kifaru alilipenda. Akafunua kanga, akasogeza uso karibu kabisa, kwa sababu macho ya kifaru yanaishia puani. Akaona weusi unametameta. Akaguna kama mjuzi.

"Ni nyepesi?"

"Nisikusemee. Inyanyue mwenyewe."

Kifaru akapitisha pembe chini ya fremu. Hop! Baiskeli juu.

"Lo! Kama pamba!"

Masikini! Baiskeli ile, Bi Nguchiro na mumewe waliinyanyua wawili, tena baada ya kutema mate viganjani. Lakini kwa Kifaru kizito ni kipi? Gogo kwake ni njiti. Mwenye nguvu nyingi hana mizani.

"Bei?"

"Vichuguu vinne."

"Vinne! Una wazimu?"

"Ndiyo bei ya kitu chenyewe. Ila masika yanakuja nami sina pa kukiweka. Leo nimepunguza. Kichuguu kimoja."

"Kutoka vinne mpaka kimoja?"

"Kimoja. Yaani hapo umeokoa vitatu."

Kifaru akainamia kwato zake, akahesabu. Akahesabu tena. Akaanza kutabasamu. "Vitatu! Vitatu vyote vyangu!"

"Lakini ni mpaka jua lifike utosini. Likipita, narudi kwenye vinne. Halafu Nyati kapita hapa asubuhi..."

Nyati kweli alipita. Alikuwa anakwenda kunywa maji.

"Nyati usimpe!" Kifaru akapiga kwato chini, puu! "Chukua kichuguu! Chukua kile chenu cha zamani!"

Bi Nguchiro akakunja uso kama aliyepewa shubiri. "Kile? Si umekikuna mpaka kina nyufa? Hapana, baba. Ngoja nimsikilize Nyati."

"Nakusihi, mama!"

"Mh. Haya. Kwa kuwa ni wewe. Lakini bikoni zako uzizoe mwenyewe."

Basi Bwana Kifaru, mwenye pori, akazoa samadi yake pembe moja baada ya nyingine, akimshukuru Bi Nguchiro kila aliponyanyuka. Akatangaza mara tatu kwa sauti ya kutikisa majani: "Kichuguu ni cha Nguchiro!" Akaondoka na baiskeli yake ikining'inia kwenye pembe ya pua, anapiga mluzi.

Kabla jua halijazama watoto sita walikuwa ndani.

Kesho yake, Ijumaa, hodi mlangoni. Ni Kifaru.

"Mama, samahani. Mke wangu kanituma. Anauliza hivi, vile vichuguu vitatu tulivyookoa, tuje kuvichukua wapi?"

Bi Nguchiro akajiuma ulimi mpaka machozi yakamtoka. "Mwambie viko pale pale vilipokuwa."

"Ahaa! Nilimwambia mimi!" Akarudi mbio kwake, amefurahi.

Jumamosi ikafika. Kifaru akatokea chini ya mlima na kaptura ya kubana iliyoshonwa kwa turubai la lori. Wakubwa wakatazamana. Akapanda. Baiskeli ikalia: kweee! Matairi yakalala kama chapati.

"Twende!" akasema Mbuni. Wenzake, fyuu! fyuu! fyuu! Kifaru: kwicha... kwacha... kwicha... kwacha.

Katikati ya mwinuko ulimi ulikuwa umefika magotini. Jasho likatiririka, likaosha fremu, masizi yakamshukia mapajani. Kisha, krii... kriii... KACHA! Kiti kikazama, na Kifaru akabaki amekaa juu ya gurudumu kama yai juu ya kijiko.

Wenzake walikuwa wameshafika kileleni, wanashuka. Mbuni akasimama, akagonga fremu kwa ukucha. Ngwaa!

"Kifaru, hiki ni chuma, si nyuzi za kaboni!"

"Na kinanuka mkaa," akasema Punda Milia.

Swala alicheka mpaka akakaa chini.

Kifaru akaichota baiskeli kwa pembe, akashuka mlima akiguruma mpaka mawe yakabiringika. Wakubwa nao nyuma yake. Mambo ya umbea hayangoji mwaliko.

"Toka nje, mwizi wewe!"

Bi Nguchiro akatoka na mwiko mkononi. "Karibuni, waheshimiwa. Uji bado kidogo."

"Umeniuzia chuma!"

"Chuma, ndiyo."

"Ulisema ni ya kaboni!"

"Ya kaboni, ndiyo."

"Sasa ni chuma au ni kaboni?"

"Baba, imetengenezwa kwa chuma. Lakini ni ya kaboni. Kikombe cha chai kimetengenezwa kwa chai? Gunia la mkaa limeshonwa kwa mkaa? Mkokoteni wa punda," akamgeukia Punda Milia, "samahani, jirani, umechongwa kwa punda? Mwalimu Kobe alitufundisha kaboni ni mkaa. Baiskeli ile miaka saba imebeba mkaa, haijabeba hata fungu la mchicha. Kama hiyo si ya kaboni, ya kaboni ni ipi?"

Swala akakaa chini tena.

Kifaru hakucheka. Akainamisha kichwa, akaelekeza pembe kwenye kichuguu. Akakwangua ardhi, kwaa! kwaa! Ndani watoto wakajibana pamoja, wa mwisho akaziba kikohozi kwa kiganja. Maneno yana ncha, lakini hayazuii pembe.

Bi Nguchiro akasema taratibu:

"Vunja, baba. Nguvu unazo. Au usijisumbue, nikurudishie kichuguu chako kizima, kwa hiari yangu, na leo hii tuhame. Nataka kitu kimoja tu. Waambie hawa wenzako kwamba ulinunua baiskeli ya kaboni na kaboni yenyewe hukuijua ni nini."



Mbuni akarefusha shingo. "Eti, Kifaru? Si uliniambia umekulia kwenye kaboni?"

Kifaru akatazama kichuguu. Akawatazama wakubwa. Akatazama kichuguu. Mgongo ulikuwa unamwasha, Mungu mwenyewe anajua ulivyokuwa unamwasha! Neno moja tu, "sikujua," na kichuguu kingekuwa chake. Akalivuta neno lile kutoka tumboni, likafika kooni, likakwama.

"Nilijua!" akanguruma. "Nilijua ni ya mkaa! Mimi nilitaka hasa ya mkaa! Hizo zenu nyepesi ni za... ni za kuchezea watoto!"

"Kwa hiyo hukudanganywa?" akauliza Bi Nguchiro.

"Nani wa kunidanganya mimi?"

"Waheshimiwa, mmesikia?"

"Tumesikia!" wakajibu kwa pamoja, wamejishika mbavu.

"Basi, baba, baiskeli ya mkaa kukaa bila mkaa ni kuionea. Nina magunia matano nyuma ya nyumba, na wateja wangu wako ng'ambo ya mlima. Nawe ndiye mwenye baiskeli sasa. Utanipelekea lini?"

Kifaru akageuka nyuma. Wakubwa walikuwa wanamtazama.

"Jumatatu," akasema. "Asubuhi na mapema."

Jumapili masika yakaingia, mvua ya kumwaga kama ndoo. Ndani ya kichuguu watoto sita walikunywa uji, wakalala wakavu. Na Jumatatu, matope magotini, Bwana Kifaru alionekana akisukuma baiskeli mlimani, magunia matano juu ya keria iliyorudishwa, kaptura ya turubai imemganda mwilini. Kila aliyepita akauliza, "Vipi, mzee?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Mazoezi! Niko mazoezini!"

Aonaye haya kuuliza maana ya neno, huuziwa neno hilo na kulibeba mwenyewe.