Sweta la Lugano

Haya, mwenye mtoto ampakate, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Leo sina sungura wala zimwi. Nina sweta moja la kijani, limefumwa kwa mkono. Mwenyewe amekufa, na waliobaki kila mmoja ana haki nalo.

Wa kwanza ni Ikupa, mama mzazi, mjane wa kwenye vilima vya chai. Kipaji chake kilikuwa mikono: mpe nyuzi za sufu, usubiri kidogo, anakurudishia nguo. Wa pili ni Gwamaka, mlezi katika nyumba ya kutunzia watu wazima wenye ulemavu wa akili, na huyu alijaliwa kungoja. Wa tatu ni Subilaga, mfuaji wa nyumba hiyohiyo, aliyejaliwa ukaidi. Msicheke, ukaidi nao ni kipaji ukitumika panapostahili. Wa nne ni Kissa, mkazi wa nyumba ile tangu usichana wake. Hajui kusoma, hajui kuhesabu, hata viatu anafungiwa kamba. Kipaji chake ni kutazama.

Lugano alikuwa mtoto pekee wa Ikupa. Hakuwahi kutamka neno maishani mwake. Akiogopa alijiuma mkono, na akifurahi alimnusa mama yake utosini. Ikupa alimlea, akamlisha, akamwogesha, mpaka akawa mwanamume wa kumzidi kimo, na mgongo wa mama ukasema sasa basi. Ndipo alipompeleka kwenye nyumba ile. Mara ya kwanza alipokwenda kumtazama, Lugano alilia wakati wa kuagana, akaendelea kulia kutwa. Msimamizi wa nyumba akamwita mama pembeni, akamweleza kwa upole kwamba ziara zinamvuruga kijana na ni afadhali akae kwanza asije kwa muda. Ikupa aliona hao ndio wanaojua, akatii. Muda ule ukawa miaka, naye akaona haya kuuliza kama umekwisha.

Kwa kuwa mwenyewe hakuruhusiwa kwenda, alituma kazi ya mikono yake. Alifuma sweta kando ya moto wa jikoni, akalishonea mfuko mkubwa tumboni ili mwanawe apate pa kuficha mikono badala ya kuiuma. Akampa mtu wa kulifikisha, nalo likafika.

Sasa sikilizeni nyumba ile ilivyokuwa. Haikuwa nyumba ya watu wabaya. Chakula kilikuwepo, paa halikuvuja, na sakafu ilipigwa deki kila siku. Ila nguo zote zilitiwa katika tenga moja kubwa, na asubuhi kila mtu alivishwa ile iliyotangulia mkononi mwa mlezi. Shati uliloamka nalo leo, kesho unaliona mgongoni kwa mwenzako. Hapakuwa na mtu mle wa kushika kitu akasema hiki changu, na hilo halikumsumbua mkubwa yeyote. Sweta la Ikupa likatupwa tengani pamoja na nguo nyingine, akavishwa nalo mzee mmoja wa chumba cha pili.

Mzee alipopita, Lugano akapata harufu. Sweta lilikuwa bado linanuka moshi wa jikoni kwao. Akamrukia yule mzee. Kesho yake likavaliwa na mwingine, akamrukia huyo naye. Walezi wakakubaliana kwamba Lugano amekuwa mkali na anashambulia watu bila sababu, wakamfunga kitandani kwa vipande vya shuka. Akawa wa kufungwa mchana kutwa, anafunguliwa kula na kwenda haja. Na huko kwake Ikupa, kila ukungu uliposhuka, alijifariji kwamba walau mtoto ana sweta.

Aliyeona ni Kissa. Yeye hukaa barazani anatazama tu, na watu wakamzoea wakadhani haoni. Siku nyingi alimfuata Gwamaka uani akimvuta shati, naye Gwamaka akidhani anaomba sukari. Mwisho Kissa akamziba njia.

"Hapigi watu," akasema. "Anafuata nguo."

Mwingine angecheka akaenda zake. Gwamaka aliingia chumbani, akafungua vile vitambaa, akaketi sakafuni karibu na Lugano. Lugano akamng'ata mkono. Kovu lipo mpaka leo. Gwamaka hakumfunga tena wala hakuondoka. Kesho akaketi palepale, na kesho kutwa, akingoja, mpaka Lugano akakubali kushikwa bega na kutembezwa kuelekea kwa mtu aliyekuwa amevaa sweta. Walezi wengine wakasogea tayari kwa ugomvi. Lugano alipiga magoti akanusa pindo, basi.

Subilaga akalitoa sweta tengani, likawa la Lugano peke yake. Msimamizi akamkanya kwamba mmoja akipewa chake, wote watadai vyao. Subilaga akajibu kwamba na wadai. Akawa analifua peke yake, na kwa kuwa ukungu wa kule haukaushi nguo, alilianika juu ya jiko la kuni, Lugano ameketi chini yake analitazama mpaka likauke. Kwa sababu hiyo moshi haukulitoka, na Subilaga alijua anachofanya.

Basi Lugano akatulia. Mikono iliacha kuwa na vidonda, ikawa inashinda mfukoni. Akaanza kucheka, kicheko cha chinichini ambacho hakuna aliyejua kama anacho. Kissa alikuwa akiketi naye barazani, na baridi ikizidi naye alitia mkono wake katika mfuko uleule. Mng'oeni mmoja wa hawa wanne, niambieni kama kicheko kile kingesikika.

Masika kifua kilimbana Lugano. Gari likaja kumchukua kumpeleka hospitali, na sweta lilikuwa ndiyo kwanza limefuliwa, linachuruzika maji juu ya jiko. Subilaga alilikamua akakimbia nalo, akafika langoni gari limekwishakata kona. Lugano alifia hospitali, mwilini ana shati la tengani. Akazikwa kwa sanda nyeupe, kwa haraka, kwa sababu ya mvua.

Matanga yalipoanuliwa, Ikupa akaenda kwenye ile nyumba kuchukua nguo za marehemu, maana desturi ya kwao nguo hugawiwa waliomhusu. Msimamizi akamwambia kwamba nguo ni za nyumba na marehemu alikuwa na kitu kimoja tu. Akaliweka sweta mezani barazani. Ikupa akauliza mwanawe aliishije, na Gwamaka na Subilaga wakamsimulia yote niliyowasimulia ninyi. Hakulia mpaka walipofika kwenye vile vitambaa. Zawadi yake ndiyo iliyomfungisha mwanawe, na zawadi hiyohiyo ndiyo iliyomchekesha. Mambo hayo mawili yalimwingia kwa pamoja, akakosa pa kuyaweka.

Akauliza ni nani aliyekuwa akimfunga.

"Mimi nami nilimfunga, mama," Gwamaka akasema. "Kabla Kissa hajaniambia."

Hapo kila mtu akasema alilokuwa nalo. Ikupa akasema hana hata picha ya mwanawe, na mikono iliyolifuma ni hii. Gwamaka hakulitaka kwa ajili yake. Aliona lifukiwe kaburini, kwa kuwa Lugano alimiliki kitu kimoja duniani na si haki kumrithi. Subilaga alitaka libaki juu ya jiko lake, na alipotakiwa kusema sababu akajifuta uso kwa kanga. Msimamizi akakumbusha kwamba kipupwe kimeingia, wapo wakazi wasio na la kuvaa, na sweta zima haliwezi kukaa bure wakati mtu anatetemeka. Naye hapo, msimlaumu sana, hakusema uongo.

Ikupa akalichukua mezani akaliinua usoni. Moshi ulikuwepo. Na ndani ya moshi mlikuwa na harufu nyingine, ya mtoto wake mkubwa ambaye hakuwa amemnusa kwa miaka. Akalikumbatia akageuka kuondoka.

Kissa akasimama. Alikuwa pale pembeni muda wote na hakuna aliyemuuliza neno. Akaanza kumfuata Ikupa, macho kwenye sweta, hatua kwa hatua, na mkono wake ukapanda mdomoni akauuma. Gwamaka aliutambua mwendo ule, akafumba macho.

Ikupa akasimama. Kissa naye akafika, akagusa mkono wa sweta kwa vidole viwili, akaubinya taratibu kama anavyofanya Subilaga.

"Limekauka," akasema. "Sasa atarudi?"

Kumbe walikuwa hawajamwambia. Waliona hataelewa. Tangu siku ya gari, Kissa alikuwa akiketi jikoni chini ya sweta lile, akingoja likauke.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Ikupa bado amesimama pale barazani, sweta kifuani. Yupo aliyelifuma, yupo aliyefungua vitambaa, yupo aliyelitoa tengani, yupo aliyeona. Yupo pia aliye kaburini, na yupo anayetetemeka chumba cha pili. Ninyi mngeamua vipi, sweta lile liende kwa nani? Semeni polepole, msigombane. Na mkishakubaliana, mchagueni mmoja wenu akamjibu Kissa.