Mgongo wa Pundamilia na Neno la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, migongo inyooke. Leo tunasimulia habari za mgongo.

Hapo zamani za kale, wanyama wa mbugani walikuwa na desturi. Mwenzao akianguka, humwinua papo hapo. Walisema, "Aliyelala ni nyama."

Kiangazi kikawa kikali. Wakaanza safari ya kwenda mtoni. Nyati mbele, Ngiri nyuma, Pundamilia katikati. Walipofika korongoni, Pundamilia akateleza. Poromoko! Puu! Mgongo ukapiga jiwe.

Akajaribu kuinuka. Miguu ya mbele ikaitika. Ya nyuma ikatetemeka tu, ikamchoma kama imeingiwa na siafu. Mgongo ukawaka moto.

"Simama, ndugu yangu," akasema Nyati. "Mto unakauka."

"Msimguse!"

Sauti ilitoka ukingoni. Ni Fisi.

"Ala! Shemeji Fisi!" akasema Ngiri. "Huruma umeianza lini? Au tukuachie kitoweo?"

Wakacheka, kwa, kwa, kwa! Fisi hakucheka.

"Migongo naijua," akasema. "Nimeifungua mingi. Ni pingili juu ya pingili, na kati yake gegedu laini. Ndani kuna tundu. Tunduni umepita ugwe mweupe, laini kama ubongo. Kichwa kikitaka kukimbia, huiambia miguu kwa ugwe huo. Pingili ikihama, ugwe unabanwa, miguu inachomwachomwa. Mkimvuta, unakatika. Ukikatika, hauungiki. Mwacheni alale, shingo na mgongo vinyooke. Alale siku nyingi."

"Aliyelala ni nani?" akauliza Ngiri.

"Nyama!" wakaitikia wote.

Pundamilia alisikia kila neno. Habari ya kuchomwachomwa hakumwambia mtu, na Fisi kaijua. Akamtazama Fisi. Akaona meno.

"Niinueni," akasema.

Nyati akapitisha pembe chini ya kifua. Ngiri akang'ata mkia. Haya, vuta! Haya, vuta!

Ka!

Moto wa mgongo ukazimika. Siafu wa miguuni wakatoweka.

"Nimepona!" akalia Pundamilia. "Siumwi tena!"

Wenzake wakashangilia. Wakamwachia. Akaanguka kwa nyuma, tii! Akageuka, akaitazama miguu yake. Akaiambia, twende. Haikusikia. Akaiambia tena. Haikusikia.

Nyati akatazama jua. "Tutarudi, ndugu yangu," akasema.

Kwato zikaenda, tipu, tipu, tipu. Hakurudi hata mmoja.

Siku ya tatu Fisi akashuka korongoni. Akaketi.

"Ulijua," akasema Pundamilia.

"Nilijua."

"Mbona ulinionya?"

"Siku ile nilikuwa nimeshiba."

"Na leo?"

Fisi akainuka. Akazunguka upande wa nyuma. Pundamilia hakuhisi kitu. Alisikia tu: kach, kach, kach.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Aliyeumia mgongo havutwi, hakunjwi, hasimamishwi. Hulazwa akanyooka, akaitiwa anayejua. Na neno la kweli ni la kweli, hata likitoka kinywa kibaya.

Hadithi yangu imelala hapo. Msiiinue.