Brashi ya Bi Kidawa

Usisifu ulaini hujauliza unyoya.

Bi Shazume alilisema neno hilo bila kuinua uso, huku akichambua mchele. Wajukuu zake wawili walikuwa wakinyang'anyana brashi ya macho waliyoinunua mnadani, kila mmoja akiipitisha shavuni na kusema, "Ona ilivyo laini! Kama hewa!" Waliposikia sauti ya bibi yao wakanyamaza. Yule mkubwa akauliza, "Bibi, unyoya umeingiaje hapa?"

Bi Shazume akasogeza ungo kando. Akawaambia wakae, maana habari yenyewe si ya kusikilizwa wima. Chanzo cha neno hilo, alisema, ni hiki.

Zamani sana, hapo Pangani, palikuwa na mpambaji wa maharusi, jina lake Mwanatumu binti Hamadi. Harusi ambayo hakuipamba yeye watu waliihesabu kuwa pungufu. Kazi yake hasa ilikuwa macho. Hina wengine waliweza kupaka, na nywele wengine waliweza kusuka, lakini kazi ya macho ilikuwa yake peke yake.

Brashi zake alizitengeneza kwa mkono wake. Manyoya ya ndani ya sikio la mbuzi aliyatumia kutandaza wanja juu ya jicho mpaka ukafifia kama moshi, kwa sababu hayachomi. Manyoya ya shingoni, ambayo ni magumu kidogo, yalikuwa ya nyusi. Na ukingo wa jicho aliupitia kwa kijiti cha mpingo kilichosuguliwa hata hakina ncha, akianzia karibu na pua kwenda nje. Kila brashi mpya aliijaribu kwanza jichoni mwake. Mama yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa akimwambia, "Jicho ni mlango usio na komeo. Kitakachopita hapo, kimeingia ndani."

Mwaka mmoja akaja mjini mpambaji mwingine, kijana, kutoka Tanga, na vifaa vya dukani. Watu wakaanza kumsifu. Mwanatumu akaingiwa na wivu, na wivu ukimwingia fundi humfanya achukie vyombo vyake mwenyewe. Akaziona brashi zake zimechakaa, zinapukutika.

Ndipo alasiri moja akapiga hodi mwanamke mwembamba, amejifunga kaniki, asiyemjua. Alikuwa na kitu kimoja tu mkononi, kimefungwa kitambaa cheupe. Alipokifungua, Mwanatumu aliona brashi ndogo yenye mpini wa ufito na manyoya meusi, mafupi. Akaigusisha nyuma ya mkono wake. Hakusikia kitu. Akaigusisha tena. Ilikuwa laini hata ngozi haikuweza kusema kama imeguswa.

"Unataka nini kwa hii?" akauliza.

"Sitaki kitu. Nataka itumike harusini, pale penye taa na nguo nzuri." Yule mwanamke akamtazama. "Wewe ni fundi. Huniulizi ni unyoya wa nini?"

"Ulaini wake umenitosha," akasema Mwanatumu, na macho yake hayakutoka kwenye brashi.

Yule mwanamke akainama kidogo, akaenda zake. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Mwanatumu hakuijaribu brashi jichoni mwake. Aliogopa kuichafua.

Bibi harusi wa kwanza alikuwa binti wa seremala. Alipopakwa, chumba kizima kilishusha pumzi. Macho yake yaling'aa na kuwa makubwa, yameikodolea taa ya ukutani. Wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna aliyejali kwamba binti hakumjibu mama yake alipomwita. Jioni aliponawa uso akawa kama kawaida, ila alilalamika kwamba hakumbuki harusi yake.

Wa pili alikuwa binti wa mwuza chumvi. Huyo alishika kidole cha Mwanatumu wakati anapakwa, akakikamata ndani ya ngumi, asikiachie. Ilibidi wanawake wawili wamfungue vidole, kimoja kimoja. Kwa siku mbili alimwangalia mumewe kama anavyoangalia ukuta. Mama yake alikuja kulalamika.

"Ni haya ya harusi," Mwanatumu akamjibu. Lakini mama yule alipoondoka, Mwanatumu alikaa na kukitazama kidole chake. Alijua kwamba haya haishiki namna ile. Akajua, na akanyamaza, kwa kuwa mji ulikuwa umeanza tena kulitaja jina lake.

Wa tatu alikuwa Salha, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Alikuwa anaolewa na kijana mpole, Mbaruku. Mwanatumu alijiambia kwamba mwanawe hawezi kupata pungufu ya wengine. Akatoa brashi laini.

"Nipake, shangazi," Salha akasema, akamwinulia uso.

"Fumba macho, mwanangu."

Alipoyafumbua, Salha hakuwamo ndani yake.

Alipelekwa harusini hivyo hivyo, watu wakasifu. Wakamnawisha jioni, wanja haukutoka. Wakamnawisha asubuhi kwa maji ya vuguvugu na mafuta ya nazi, wanja haukutoka. Alilala chali, amekunja ngumi, akifuata mwanga wa dirisha kutoka asubuhi hadi jua linapohama. Hakusema neno. Akilishwa uji hakutafuna, alinyonya ncha ya kijiko. Kila siku Mbaruku alikaa kando ya kitanda, akaita, "Salha. Salha binti Omari." Macho yale mazuri yalimpita yakaenda dirishani. Siku ya nne wazee wa upande wa mume wakaanza kusema kwa sauti ya chini juu ya kumrudisha kwao.

Katika nyumba ile ya mume alikuwamo mkunga mzee. Alimtazama Salha muda mrefu, kisha akamwambia Mwanatumu, "Binti, mimi nimepokea watoto wa mji huu wote. Huyu anatazama kama mtoto wa siku arobaini."

Mwanatumu akarudi nyumbani kwake, akaingia chumbani, jua likiwa kali, mlango wazi. Akaitoa brashi akafanya alichopaswa kufanya mwanzo. Akaigusisha wanja, kisha pembeni mwa jicho lake la kushoto, mguso mmoja tu.

Mara ukaja mwanga. Mwanga mwingi, hauna kitu ndani yake. Kuta zikaondoka. Mbele yake kulikuwa na vitu viwili vyenye matawi matano matano, vinatikisika, akaviogopa, na hakujua kwamba ni mikono yake. Akataka kuita mtu, lakini hakuwa na jina la mtu yeyote. Alikuwa na haja moja tu: kuna uso unaopaswa kuwapo, na haupo.

Muda gani, hakujua. Kwa kuwa ulikuwa mguso mdogo, ukampita. Akajikuta sakafuni, amekunja ngumi, shavu limelowa. Akafunga brashi kitambaani, akavaa buibui, akateremka kivukoni, maana mgeni wa mji hupita hapo, akauliza. Wavushaji walimfahamu mwanamke wa kaniki. "Bi Kidawa wa Bweni," wakasema. "Huvuka kila penye harusi, akasimama nje ya nyumba kusikiliza."

Alimkuta ng'ambo ya mto, uani kwake, anafagia palipokuwa tayari pameshafagiliwa. Mwanatumu akaweka kitambaa chini kati yao.

"Sasa nauliza," akasema. "Ni unyoya wa nini?"

Bi Kidawa aliendelea kufagia kidogo, kisha akaegemeza ufagio ukutani. "Si unyoya. Ni nywele za mwanangu. Alizaliwa macho yamefumba, akaishi siku arobaini, hakuyafumbua hata mara moja. Siku tuliyomnyoa ndiyo siku aliyokufa. Hakuona kitu, dada. Hata taa. Nikasema, basi aone harusi. Aone watu wanapokuwa wazuri."

"Nywele za arobaini huzikwa, Bi Kidawa."

"Nimzike mara mbili?"

Mwanatumu alikuja na maneno makali tangu Pangani, yakamwisha yote. Akaketi palepale mavumbini.

"Ameona taa," akasema mwishowe. "Ameona nguo nyekundu, ameona dhahabu, ameona dirisha. Nami nimeona anachokiona. Lakini hakai kwenye chochote katika hivyo. Anatafuta. Anatafuta uso wako, na wewe unasimama nje ya nyumba."

Bi Kidawa akaweka kiganja mdomoni.

"Mwanangu mimi amelala kitandani siku ya tano," Mwanatumu akaendelea. "Wako ndiye anayetazama kwa macho yake. Njoo akuone, umwachilie. Nakuomba. Kosa ni langu, uliniambia niulize."

"Akishaniona, atafumba?"

"Sijui."

Walivuka pamoja. Chumbani Mbaruku aliinuka akawapisha. Bi Kidawa akasogea kitandani taratibu, akainama juu ya Salha mpaka kivuli chake kikalifunika dirisha.

"Juma," akaita. Lilikuwa jina ambalo lilikuwa halijaitwa kwa miezi saba.

Salha aliyekuwa akifuata mwanga siku zote hizo akaacha mwanga. Akatazama uso. Aliutazama kwenye paji, kwenye pua, kwenye mdomo, kama mtu anayehesabu, kisha akatabasamu, tabasamu lisilo la mwanamke mzima. Ngumi ikafunguka, ikapanda, ikashika kidole cha Bi Kidawa.

"Ni mimi," Bi Kidawa akasema. "Ni mimi, baba. Umeniona. Sasa lala."

Machozi yakaanza kumtoka Salha, meusi, na wanja uliokataa maji na mafuta ukateremka nayo mpaka mto wa kulalia ukawa mweusi na macho yakawa matupu. Akafumba. Kidole kikaachiliwa. Bi Kidawa alibaki ameinama muda mrefu, hata ikabidi Mwanatumu amshike mabega.

Salha aliamka baadaye, akaomba maji kwa sauti yake. Alimwona Mbaruku, akavuta shuka mpaka kidevuni kwa aibu, na Mbaruku akalia kwa aibu ile. Alipoulizwa alikuwa wapi, alisema, "Nilikuwa humu humu. Kulikuwa na mtu mwingine. Hakuwa mbaya. Alikuwa ananisogeza pembeni ili aone."

Na inasemwa kwamba saa ile ile, binti wa seremala akiwa jikoni kwake, na binti wa mwuza chumvi akiwa kisimani, wote wawili walitokwa na machozi meusi, ingawa walikuwa wamenawa wanja ule siku nyingi.

Kesho yake Bi Kidawa aliizika brashi kando ya kaburi dogo, kwa mikono yake. Mwanatumu alisimama naye. Baada ya hapo hakuna harusi aliyopamba bila kumwita Bi Kidawa, akaketi ndani, mbele, pamoja na akina mama.

Mpambaji wa Tanga alikuja kumtembelea siku moja, naye hakuwa mtu mbaya, amepata brashi mpya ya kigeni anataka kuionyesha. "Iguse, dada," akasema. "Hujapata kugusa kitu laini namna hii."

Mwanatumu akarudisha mikono yake nyuma, akaifumbata. Akamtazama yule kijana kwa huruma, kama anayemwona mtu amesimama mlangoni na hajui ni mlango wa nani.

"Mwanangu," akasema, "usisifu ulaini hujauliza unyoya."