Yai Juu ya Tawi Tupu

Sogeeni, na anayesinzia afinywe na jirani yake, maana mwishoni nina swali na sitaki majibu ya usingizi.

Palikuwa na watu watatu wenye vipaji. Tamimu alisikia mbawa za ndege kutoka mbali asikokuona mtu. Shemsa alisoma kina cha maji kwa rangi yake. Lwanda alipopiga mbizi, ungeweza kupika wali ukaiva kabla hajaibuka. Siku ya kugawa vipaji walikuwa mstari wa mbele. Siku ya kugawa akili sijui walikuwa wapi.

Wakapanda meli ya Nahodha Riziki, inayozungusha wageni visiwani kutazama ndege wa baharini na matumbawe. Riziki aliwachoka kabla nanga haijang'olewa. Yeye alikitafuta kisiwa alichosimuliwa na marehemu baba yake, ambako buabua, ndege weupe wa baharini, hawajengi kiota. Hutaga yai moja juu ya tawi tupu, basi. Ukilitikisa tawi, umeua. Ili kukomesha ugomvi wa abiria hao watatu juu ya nani ni bora, akaapa mbele ya wote, kwa kaburi la baba yake: "Atakayenifikisha, kisiwa ni chake kukitunza, na neno lake ndilo sheria." Aliropoka, masikini.

Asubuhi moja ya ukungu, Riziki akiwa amejipumzisha, abiria wakamshurutisha mshika usukani awafuate ndege ili wafike nchi kavu. Wajinga wakubwa! Asubuhi ndege hutoka nchi kavu kwenda kuvua. Riziki alipoamka, meli ilikuwa imepotea.

Jioni Tamimu akainua kidole. "Nawasikia, wanarudi kulala. Geuza kushoto!" Wakageuza, na kisiwa kikatokea.

Lakini kilizungukwa na miamba. Shemsa akapanda juu ya paa la chumba cha usukani. "Kahawia ni mwamba, buluu ni mlango. Pita hapa, Nahodha." Wakaingia mlangoni bila hata mkwaruzo.

Humo mlangoni wavu mkuukuu ukajisokota kwenye rafadha, panga linaloisukuma meli, na mkondo ukaanza kuwavuta mwambani. Lwanda akajitosa na kisu. Watu walipoanza kumwombea rehema, akaibuka na wavu mkononi.

Riziki alitaka kulia kwa furaha. Matawi yalijaa mayai, kama baba alivyosema. Kisha akawasikia wale watatu.

"Kisiwa changu," alisema Tamimu. "Kwanza nitawafukuza ndege hawa. Makelele gani haya! Mtu hapati usingizi?"

"Chako kwa lipi?" Shemsa akadakia. "Mimi nitayatikisa matawi waruke wote, nipige picha."

"Picha!" Lwanda akacheka. "Mimi nitayavunja matumbawe yale, nipambe sebule."

Riziki akawatazama kwa dharau asiyojisumbua kuificha. "Nyinyi hamfai kutunza hata kuku."

"Huenda," Tamimu akajibu. "Lakini uliapa, Nahodha. Ahadi ni deni."

Na kweli, pasipo mmoja wao, asingefika. Wakaingia kwenye mashua ndogo ya kuwafikisha ufukweni, wakisukumana, huku kamba ya mashua imo mkononi mwa Riziki, na buabua wa kwanza ametua kwenye tawi lake, amelikalia yai.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa kana kwamba ni bora kuliko wao: kisiwa ni cha nani? Cha masikio, cha macho, au cha pumzi? Au Riziki asiiachie kamba, mashua isiende, awe mwongo mbele ya watu na mbele ya kaburi la baba yake? Je, wewe ungeamua vipi?