Kompyuta ya Lwitiko na Macho ya Dada Yake

Wapendwa, leo nawapa mfano wa mtu mwema. Nasema mapema kwamba alikuwa mwema, kwa sababu tukifika mwisho mtataka kumchukia, na mkimchukia mtakuwa mmejiponyesha bure. Mfano huu hauwahusu watu wabaya.

Kulikuwa na bwana mmoja pale Mbeya mjini, tumwite Lwitiko, kazi yake kuchora ramani za nyumba. Alizichora kwenye kompyuta mpakato, hizi mnazoziita laptopu. Hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Na ofisini kwao mjadala mmoja haukuisha: kompyuta ya kazi ibadilishwe baada ya muda gani? Mwenzake mmoja alisema miaka miwili tu, ikizidi hapo inakuaibisha mbele ya mteja. Mwingine alisema mpaka ife, tena mpaka izikwe. Lwitiko alikuwa mtu wa katikati. Alisema, "Mimi nabadilisha siku itakapoanza kunichelewesha. Kabla ya hapo ni tamaa, baada ya hapo ni ubahili."

Maneno ya busara hayo, au siyo? Ningekuwepo ningeitikia.

Sasa, Lwitiko alikuwa na dada yake mkubwa, Tulinagwe, anayeishi Tukuyu. Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyemlea mdogo wake, akambeba mgongoni wakati yeye mwenyewe bado msichana wa kubebwa. Uzeeni akapata sukari. Na sukari, nyie wenye wagonjwa nyumbani mnaijua, haitulii mahali pamoja. Ikapanda machoni. Daktari hakumficha. Alimwambia, "Mama, tunaweza kuichelewesha. Kukurudishia kilichokwisha kwenda, hatuwezi."

Tulinagwe alikuwa na binti mmoja tu, Atupele, aliyeolewa akahamia na mumewe Kanada. Huko akajifungua mtoto wa kike, wakampa jina la bibi yake. Kuja nyumbani ilikuwa bado, vibali vyao vya kuishi kule havijakamilika. Basi kila Jumapili baada ya ibada bibi anapigiwa simu ya picha. Simu yenyewe ndogo, kioo kimepasuka.

Siku moja Lwitiko alipokwenda kumjulia hali, dada yake akamwambia, "Mdogo wangu, huyu mtoto wa Atupele namsikia, simwoni. Kwenye simu ni kama doa. Lakini pale kliniki waliniwekea herufi kwenye kompyuta, kubwakubwa, nikazisoma zote. Kwa hiyo kioo kikiwa kikubwa bado naona. Sasa wewe siku ukibadilisha hiyo yako, ile ya zamani usimpe mtu."

"Hii ni yako, dada," Lwitiko akamjibu. "Siku nikinunua nyingine tu, hii ni yako."

Aliahidi kwa moyo wake wote. Sikilizeni hapo: kwa moyo wake wote.

Ikafika Pasaka. Lwitiko akaenda dukani, muuza duka akamwambia, "Kaka, subiri kidogo, baada ya Sabasaba kuna mzigo mpya unaingia, utajuta ukinunua sasa." Akasubiri. Mzigo ukaingia. Lakini wakati huo fundi alikuwa ameifungua ile ya zamani, akaisafisha vumbi, akaiongezea kumbukumbu, ikawa inakimbia kama kijana. Fundi akamwambia, "Hii bado inadai kuishi. Kuitoa sasa ni kuionea." Na Lwitiko, mtu wa kanuni, akaiangalia kanuni yake: je, inanichelewesha? Hainicheleweshi. Basi.

Kuna sababu hata moja hapo ambayo ni ya uongo? Mimi sijaiona.

Dada yake alimuuliza mara moja kwa simu, tena kwa kuzunguka. "Hiyo kompyuta yako, mdogo wangu, bado haijachoka?"

Lwitiko akacheka. "Dada, hii ina ukaidi wa punda. Vumilia kidogo tu."

"Haya," akasema. "Mungu aibariki kazi yako."

Hakumwambia kwamba siku hizi kikombe cha chai anakitafuta kwa kupapasa. Kwa nini hakusema? Ndugu zangu, anayeomba masalio hana ujasiri wa kumharakisha anayekula.

Najua kuna mtu pale nyuma anauliza: si angeibeba tu Jumapili moja, akaenda nayo Tukuyu, bibi akamwona mjukuu, akarudi nayo jioni akachore ramani zake? Naam. Barabara ya lami, mwendo wa asubuhi. Lwitiko mwenyewe alikuja kujiuliza hivyo, na swali hilo halimwachi mpaka leo. Wazo dogo namna hiyo halikumjia, kwa sababu akilini mwake jambo la dada lilikuwa limekwisha kupangwa. Lilikuwa kwenye foleni, nyuma ya mashine.

Hatimaye ile kompyuta ikazeeka kweli. Ramani moja ikawa inafunguka huku yeye amekwenda kuagiza chai na kurudi. Lwitiko akanunua mpya, na hapa tumpe haki yake: hakukaa na ile ya zamani hata kidogo. Aliipangusa vizuri, akamwomba fundi aongeze ukubwa wa maandishi na mwanga, akanunua na mkoba mpya wa kuibebea. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, akashika njia ya Tukuyu akiwa na furaha kama ya mtoto anayepeleka zawadi.

Alimkuta dada yake nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Akaweka kompyuta juu ya meza, akampigia Atupele. Na mtoto akatokea. Uso wake umejaa kioo kizima, anacheka vijino vinaonekana, anakipiga kioo cha upande wake kwa kiganja. Mama yake akamwambia, "Sema bibi. Haya, sema bibi!"

"Bibi!"

Tulinagwe akaacha kisu. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasogeza kigoda, akaketi mbele ya ile meza ameielekezea uso, anatabasamu. Akasema, "Mdogo wangu, sauti naisikia, iwashe basi nimwone."

Ndugu zangu, ilikuwa inawaka.

Lwitiko akakitazama kioo, akamtazama dada yake. Kule Kanada Atupele alijiziba kinywa. Ni mtoto peke yake aliyeendelea kuita. Tulinagwe akausikia ukimya wa wakubwa, akanyoosha mkono taratibu mpaka kidole kikagusa kioo. Kioo kilikuwa na joto.

"Kumbe imewaka," akasema.

"Dada. Tangu lini?"

"Simu iliacha kuonekana tangu mvua zile. Sikukwambia. Niliogopa utasema basi, haina haja tena ya kuniletea. Nikajipa moyo, nikasema kile kioo kikubwa kikija, kitaonekana." Kisha akasema, "Haya, wewe niambie. Yukoje?"

"Anafanana na wewe, dada."

"Usinipe maneno ya msibani. Niambie alivyo."

Basi Lwitiko akaanza kusema huku analia. Paji la uso pana. Nywele zimekaa upande mmoja, amelalia. Akicheka shavu moja linaingia ndani. Na dada yake alikuwa anafuatisha kwa kidole juu ya kioo, polepole, kila anachoambiwa. Lakini kidole kilikuwa hakipo usoni. Kilikuwa kinapapasa ukuta ulio nyuma ya mtoto. Na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa niulize. Lwitiko alivunja ahadi? Hapana. Alitimiza neno kwa neno. Alikuwa mchoyo? Hapana. Kosa lake liko wapi?

Kompyuta aliiuliza kila mwezi: una muda gani? Aliisikiliza pumzi, aliipeleka kwa fundi, aliujua uchovu wake. Lakini dada yake, yeye Lwitiko hakumuuliza hivyo hata mara moja. Alipanga siku ya kutoa kwa kutazama afya ya kitu, wala si afya ya mtu.

Na sisi? Ni nani anayengoja kwetu kitu tulichokwisha kumwahidi kwa moyo wote? Mzee anayengoja umpeleke akaone kaburi la mkewe, nawe unangoja gari litoke gereji. Ndugu uliyekosana naye, umekwisha kumsamehe moyoni kabisa, unangoja tu Krismasi mkutane umwambie. Msamaha unao. Umeupangusa, umeutia kwenye mkoba mpya. Utaufikisha ukiwa unawaka. Lakini utamkuta bado anaona?

Mnangoja niseme ile methali ya chelewa chelewa. Siisemi. Tumeisema sana, ndiyo maana haituumi tena.

Nasema hivi tu. Tumebakiza sala ya kufunga. Lakini kama kuna mtu humu ndani ambaye jina limemjia wakati nazungumza, asingoje amina yangu. Ainuke, atoke sasa hivi, aende. Mungu atamsikia njiani.