Maradhi ya Mama Mwiko

Jiko lile la shule lilikuwa na wapishi wengi, lakini mwenye jiko alikuwa mmoja tu: Mama Mwiko. Akikohoa, hata kuni zinawaka! Ila mwaka ule alikonda kama sabuni ya kufulia. Hakai akatulia, hainami, hacheki, na sasa alikuwa amekata shauri kuiacha kazi aliyoipenda kama roho yake.

Hospitali alikwishakwenda. Lakini daktari mwenyewe alikuwa kijana wa kumzaa! Mama wa watu akaona haya, akatumia tafsida: "Mwanangu, naumwa huku nyuma." Daktari naye akamwandikia dawa ya kuchua mgongo. Mgongo ukachuliwa hadi ukang'aa. Maradhi yakabaki palepale.

Wifi yake, mwenye mdomo usio na breki, ndiye aliyembana.

"Wifi, mbona unakaa upande upande kama kuku anayetaka kutaga? Na kazi unaacha! Una nini?"

"Kuna kitu kinatoka nyuma."

"Nyuma ya nyumba?"

Mama Mwiko alicheka, kisha akaangua kilio. "Nikienda haja kubwa utumbo unatoka nje, wifi! Naurudisha kwa mkono."

"Ala! Nawe ukachua mgongo? Simama, twende!"

Mbele ya daktari yuleyule, haya zilimpanda hadi utosini. Akajipiga moyo konde, akayasema yote waziwazi. Daktari hakucheka. Alimpima, akamwita daktari wa upasuaji.

"Mama, hili linatibika," yule mpasuaji alisema. "Hatukupasui tumbo zima. Tunapitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo, tunauvuta utumbo juu, tunaushikiza mahali pake."

"Matundu tu? Nami nimeteseka hivi!"

Upasuaji ulikwenda salama salimini. Alipopata nafuu na kuruhusiwa kufanya kazi, alipokewa jikoni kwa vigelegele. Masufuria mazito aliwaachia wengine, kama alivyoagizwa, lakini amri zilikuwa zake.

"Ulikuwa unaumwa nini hasa?" wakamuuliza.

"Utumbo ulikuwa unanitoka njia ya haja kubwa," alijibu kwa sauti ya kusikika hadi uani, "na leo nimepona!"

Kisha mpishi mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu akaweka kisu chini. "Dada, hata mimi."

Mama Mwiko alimkumbatia, na kesho yake akampeleka hospitali mwenyewe. Hakika, mficha uchi hazai.